Pembe ya Fahali Asiyekuwepo

Uvimbe wa Werema ulikuwa unadunda. Mkewe Boke ndiye aliyegundua, siku alipokuwa anampaka mafuta karibu na bega. Akaushika mkono wangu akauweka pale.

"Mama Deus, hebu sikia."

Nikasikia. Ilikuwa kama umeshika kifaranga kwenye kiganja.

Nyumba yao pale Kisaka ilikuwa imejaa watu hadi kizingitini, na mimi kwa nyumba iliyojaa siambiwi kitu. Huyu kaja na maziwa, huyu na uji wa ulezi, yule kaja na mdomo wake tu. Kila aliyeingia aliuliza mgonjwa kapatwa na nini, na kila aliyeuliza alijibiwa vilevile: fahali kampiga pembe zizini. Mimi mwenyewe niliisimulia pembe hiyo mpaka nikampa fahali rangi, mwekundu mwenye doa jeupe usoni.

Fahali hakuwepo. Ulikuwa mshale. Ukoo wetu na ukoo wa ng'ambo ya mto waligombea malisho, mishale ikaruka, na upande wa pili kuna mtu alizikwa. Werema alirudi na mti wa mshale umesimama begani. Hospitali wangetaka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na polisi wangetaka kujua alikuwa na nani. Basi kaka yake mkubwa, Gidion, akauvunja ule mti, ncha ikabaki ndani, kidonda kikafunga juu yake. Wanaume wakakubaliana: ni pembe.

"Hilo ni jipu," alisema Gidion. "Mganga wetu, mzee Kisyeri, anakuja kesho kulipasua."

"Jipu linadunda, shemeji?"

"Mwanaume kila kitu chake kinadunda, Boke."

Sebule nzima ikacheka. Boke peke yake hakucheka. Alitoka nje, akapiga simu, na gari la kukodi, Probox, lilipofika akaingia chumbani na kumnyanyua mumewe kwa mkono mmoja. Werema alikuwa mweupe midomoni.

"Unampeleka wapi?" Gidion akasimama mlangoni.

"Tarime. Nipishe."

"Mura, mdogo wangu, mwambie mkeo!"

Werema alikuwa anatazama chini, na vidole vya mkono wa bega lile vilikuwa vimeanza kupoa. Gidion akaona watu wanamtazama, akapisha. Lakini alitufuata na pikipiki, na nyuma yake msururu wa ndugu na jamaa. Tulipofika hospitali uwanja ulijaa kama tumeleta bibi harusi.

Daktari aliugusa uvimbe, akaweka kipimo chake masikioni, akakunja uso.

"Hili si jipu, mama. Mshipa mkubwa wa damu umetoboka, damu imejitengenezea mfuko. Mfuko ukipasuka, hatumuwahi."

Werema akapelekwa kwenye mashine ya siti skani. Aliyeiendesha ni Sadick, mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma. Alimchoma, kwenye mkono usio na jeraha, dawa inayofanya mishipa ionekane, akamwambia utasikia joto, bana pumzi, usijitikise. Kisha akatuita nyuma ya kioo, Boke, mimi na Gidion.

Kwenye kompyuta, pale begani, hakukuwa na mshipa wala mfupa. Kulikuwa na mwanga mtupu, umetawanya miale kila upande kama jua la saa sita kwenye bati jipya.

"Kuna chuma mle ndani," Sadick alisema. "Kinaniharibia picha yote. Ni nini?"

"Ni pembe," Gidion akajibu.

"Kaka, pembe haing'ai hivi."

"Ya fahali wetu inang'aa."

Sadick hakucheka. Alituelezea kwamba mashine ile ina kitu kipya: inapiga kwa nguvu mbili tofauti kwa pamoja, kisha kompyuta inaondoa ule mng'ao wa chuma, mshipa unabaki. "Ila kompyuta haijui chuma kinaishia wapi. Nisipojua umbo lake, inaweza kufuta na mshipa wenyewe, halafu daktari akakata pasipofaa. Na dawa hii siwezi kumchoma kila saa. Nambieni ukweli, nipige mara moja tu."

Kwenye kipaza sauti, Werema mwenyewe akasema kutoka kule kitandani, "Ni pembe."

Alikuwa anamlinda kaka yake, waliyekuwa pamoja siku ile ya mishale, anakufa huku anamlinda. Boke alimtazama mumewe kwenye kioo, akamtazama Gidion, na nikaona anapima: huku jela, huku kaburi. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Boke," Gidion akanong'ona. "Utatumaliza ukoo mzima."

"Ni mshale," Boke akasema. "Mrefu kama kidole changu hiki. Una meno mawili, yanatazama nyuma, kama mishale yote ya ng'ambo ya mto. Uliingilia mbele."

Gidion akatoka. Mlango ulijifunga taratibu.

Picha ya pili ilipokuja, mng'ao ulikuwa umezimika. Mshipa ukaonekana wote, umejikunja chini ya mfupa kama mto uliochorwa kwa chokaa, na ubavuni mwake tundu. Kwenye tundu, jino moja la mshale.

"Mnaona?" Sadick akaweka kidole. "Hili jino ndilo limeziba. Mtu angepasua hapa akavuta..."

Kesho yake mzee Kisyeri angekuwa amemaliza kazi.

Daktari akasema hospitali kubwa ya Mwanza hafiki, barabara itaupasua ule mfuko, wanamfungua hapahapa. Damu iliyopo ni kidogo, ndugu waje kuchangia.

"Hilo usijali, dokta," nikamjibu kwa kujidai. "Ndugu tumejaa uwanja mzima."

Nikatoka mbio kuwaita. Uwanja ulikuwa mtupu. Pikipiki hakuna. Palibaki chupa yangu ya chai, na kiti cha plastiki kimelala ubavu. Nikampigia Gidion, simu imezimwa. Nikawapigia wengine, nao hivyo hivyo.

Mimi nilitoa. Boke akatoa. Sadick akavua koti, akatoa. Mama mmoja muuza ndizi pale getini, Mluo wala hatumjui, akatuuliza kulikoni, na yeye akakunja mkono wa gauni.

Werema alitoka chumba cha upasuaji akiwa hai. Mkono haujulikani kama utapona, daktari amesema tusubiri. Miguuni pa kitanda amekaa askari na kalamu yake, anamngoja azinduke.

Jioni simu ya Boke ikaita. Ilikuwa namba ngeni, lakini sauti tuliijua.

"Shemeji," Gidion akasema. "Amenitaja?"

Boke alikaa na simu sikioni. Nilidhani atamtukana, mimi nilishamtafutia na maneno.

"Hujauliza kama yu hai," akamwambia, akakata.