Moto wa Kumchomea Tarini

Siku Serikali ya Waingereza ilipolikata jimbo letu la Bengali vipande viwili, mji wetu wa Barisal uliapa, kwa kupinga, kutowasha jiko mpaka jua lizame. Hakuna kupika, hakuna kula. Siku hiyohiyo kaka yangu Tarini, askari wa polisi, akachagua kufa.

Nasema akachagua kwa sababu alizoea kutuvuruga. Kabla homa haijamlaza alikuwa sokoni na rungu lake, akiwatawanya vijana waliokuwa wakiimba nyimbo za nchi. Mmoja wao alikuwa Sukhamoy, mwanawe wa pekee. Alimchapa na yeye, tena mbele za watu. Jioni wakala pamoja kama kawaida, wala hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Asubuhi ya kiapo Sukhamoy alilimwagia maji jiko la mama yake, akatoka kwenda kuwafunga watu nyuzi za undugu mikononi. Nilimwambia wagonjwa wamesamehewa, hata waliotangaza mfungo walisema hivyo. Akanijibu kwamba nyumba ya polisi ndiyo itakayoangaliwa kwanza. Nilikasirika, lakini sikuwa na hakika nani mpumbavu kati yetu. Adhuhuri Tarini akakata roho.

Basi tukawa ukingoni mwa mto, maiti juu ya kuni, jua linashuka. Kwetu mwana ndiye anayemtia baba yake moto, na asipofanya hivyo kabla jua halijazama, roho ya baba haina safari. Sukhamoy akatoa kiberiti kilichotengenezwa hapahapa nchini, ambacho vijana wote walikuwa wakijivunia. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikafuka moshi, ikazima. Akakimaliza kisanduku kizima, jasho linamtoka.

Mimi nauza tumbaku, na mfukoni nilikuwa na kiberiti cha Ulaya. Nikamnyooshea.

"Siwezi, baba mdogo. Nimeapa kutogusa kitu cha ng'ambo."

"Na babako je? Akae hapa mpaka viberiti vyenu vijifunze kuwaka?"

Wenzake wakamwambia asivunje kiapo. Askari waliokuja kumsindikiza mwenzao wakamwambia aache ujinga. Yeye akawa anatazama huku na huku, machozi yanamlengalenga, nami nikamwonea huruma na kutaka kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Mji mzima haukuwa na kaa la moto. Nikakimbilia nyumbani hivyohivyo, sijui natafuta nini.

Shemeji yangu Khantamoni, mke wa Tarini, aliponisikiliza, alinipeleka nyuma ya zizi la ng'ombe. Kulikuwa na chungu cha makaa yaliyofunikwa majivu, bado mekundu, na kando yake bakuli la uji. Ulikuwa umeganda, haujaguswa.

"Nilikoka moto mtoto alipotoka," akasema. "Nikampelekea kaka yako uji. Akakataa."

"Kwa nini?"

"Akasema mtoto ameapa nyumba hii haipiki leo. Eti asije akaaibishwa na baba yake."

Nilibeba chungu kile mpaka mtoni nikiwa sielewi kitu. Mtu aliyevaa sare ya mfalme miaka yote, aliyemchapa mwanawe kwa ajili ya wimbo, amekufa na njaa ili kulinda kiapo cha mwanawe huyohuyo. Na mkewe, mwenye huruma kuliko sisi sote, ndiye aliyekivunja.

Sukhamoy akauliza moto umetoka wapi. Nikamweleza yote, uji na maneno, sikuweza kumficha. Akatia fungu la nyasi kavu kwenye makaa, likawaka, akazizunguka kuni, akaugusisha moto mdomoni mwa baba yake kama desturi yetu inavyotaka. Kisha akakaa chini.

"Baba mdogo, kumbe alikuwa upande wetu?"

"Wenu sijui," nikasema. "Alikuwa upande wako."

Jua likazama. Mjini meko yakaanza kuwashwa, na harufu ya wali ikatufikia pale mtoni. Nilimwambia twende akale. Hakuinuka.