Mkanda wa Sita

Mkanda wa filamu ulimteleza Dattaram kwenye meno ya mashine ya sinema kwa mara ya tatu.

"Baba Mangala, umezeeka," mkewe Indumati alimchokoza kutoka kitandani. "Zamani ulikuwa ukiufunga huku umefumba macho."

"Zamani sikuwa na mtu wa kunichungulia."

Kwa miaka thelathini na minane aliendesha mashine ile katika ukumbi wa sinema wa mji wa Satara. Ukumbi ulipofungwa, mwenye ukumbi alimpa mashine hiyo, pamoja na filamu moja isiyotakiwa na mtu: hadithi ya mume na mke wanaozeeka pamoja, watoto wakishaondoka. Wiki iliyopita hospitali ilikuwa imemrudisha Indumati nyumbani. Daktari hakuwa na dawa nyingine ya kumpa. Alichoomba mkewe ni filamu hiyo tu.

Basi mchana ule Dattaram aliziba madirisha kwa mablanketi, akatundika shuka ukutani.

Mikanda mitano ilipita. Kwenye shuka mzee alimsuka mkewe nywele, akakosea, wakacheka. Indumati naye akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Wa sita, uliokuwa wa mwisho, Dattaram aliuacha ndani ya kopo lake. Aliyajua yaliyomo: kitanda, kijiko cha maji, mzee akibaki peke yake.

"Imekwisha," alisema, akishika ncha ya blanketi la dirishani.

"Muongo mkubwa! Niliiona mara nne na Kusum wa jirani. Tulilia mpaka tukaona aibu. Weka."

"Indu, ya nini kujitesa?"

Indumati alivuta pumzi, akaitafuta nyingine. "Kila mwisho ulipofika niligeuka kutazama kile kitundu cha mwanga kule juu, kwenye chumba cha mashine. Nilijua uko pale. Lakini aliyekaa pembeni yangu ni Kusum, na Kusum alinuka vitunguu."

Dattaram alicheka, macho yakamlowa. Akaufunga mkanda, safari hii bila kukosea, akapanda kitandani, akaegemeza bega lake kwenye bega la mkewe. Filamu hii aliionyesha mara zisizo na hesabu, wala hakuwahi kuitazama kwa utulivu; siku zote jicho lake lilingoja ile alama kwenye kona ya picha, ya kuzima mashine.

Alama ikatokea. Mkanda ukaisha, ncha yake ikawa inapigapiga kwenye mashine, na shuka likabaki jeupe.

"Usiende kuzima kwanza," Indumati alisema, kichwa chake kikizidi kuwa kizito begani.

Hakwenda. Mjusi alichomoza kwenye ukingo wa shuka, akasimama, kisha akaanza kuuvuka ule mwanga taratibu.