Ramani ya Tisa

Mwalimu Emilia alikuwa amewafundisha watu wazima kusoma kwa miaka kumi na tisa, na hakuwahi kumcheka hata mmoja kwa kutojua herufi. Kwa hiyo siku alipopita kwenye banda la video la mdogo wake Gasper, pale Newala mjini, akawakuta wanaume wazima wananyang'anyana kidude cha kuchezea na kuitukana televisheni, hakucheka. Alitua kapu lake la mihogo mlangoni, akatazama.

Mashine ile ya gemu Gasper aliitoa Kariakoo. Ilikuwa mwaka tisini na saba, baada ya miaka ya ruksa kufungua biashara, na bidhaa za nje zilikuwa zimefurika hadi huku juu: nguo za mitumba, redio, pasi, baiskeli zilizochokwa na wenyewe. Ndani ya boksi la vyombo chakavu vya Kijapani Gasper alikuta mashine hiyo na kaseti yake moja tu, kaseti ya vita vya maroboti. Maroboti yenyewe yalikuwa marefu kuliko minara ya kanisa, nayo yalisimama juu ya ramani iliyokatwa viraka viraka, kila moja likingoja kuambiwa liende wapi na lifanye nini. Unayapanga ya kwako, ukimaliza adui anayapanga ya kwake. Wateja waliyaita mapiko, kwa vile nyuso zake zilikuwa za kutisha kama vinyago vya wacheza ngoma siku za jando.

Maagizo yote yalikuwa kwa Kijapani.

"Wanabonyeza tu," Gasper alimwambia. "Ramani ziko tisa, picha zake zipo juu ya boksi, lakini hata ya kwanza hakuna aliyeivuka. Jumamosi ijayo Danieli, mfanyabiashara mwenzangu, anapanda kutoka Masasi na deki ya video. Tunabadilishana, basi."

"Na haya maandishi, hakuna aliyejaribu kuyasoma?"

"Dada, nani atayasoma? Huku kwetu?"

Neno lile lilimchoma Emilia. Darasa lake la mwisho la kisomo lilifungwa miaka miwili nyuma. Wanafunzi walipungua mmoja mmoja, kisha na mshahara wake ukakoma, akarudi kwenye mikorosho. Watu waliendelea kumwita Mwalimu, lakini kwa namna ile ile wanavyomwita mzee fulani "afande" wakati bunduki alishairudisha zamani.

"Nipisheni," alisema, akaketi kwenye benchi la mbele.

Alishindwa kabla mihogo haijapata mnunuzi. Akarudia, akashindwa tena. Kesho yake alikuja na daftari na kalamu mbili.

Kila neno lililotokea kwenye kioo alilichora kama lilivyo, kisha akalibonyeza aone litafanya nini. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, kwani herufi zilikuwa nyingi na zilifanana. Siku ya tatu alikuwa na kurasa kumi na moja za michoro na maana nne tu, tena mbili kati ya hizo zilikuwa za kubahatisha. Wateja walianza kunung'unika. Mmoja alisema wazi kwamba mama mtu mzima angekuwa shambani anafyeka. Emilia alimsikia, wala hakugeuka.

Jumanne ndipo alipoingia mzee Dadi, mkulima wa Makote, aliyekuja mjini kutafuta salfa ya kupulizia mikorosho.

"Shikamoo, mzee Dadi."

"Marahaba, Mwalimu. Nimeambiwa uko hapa unapigana na mapiko." Alivuta kigoda, akalitazama daftari muda mrefu. Mzee huyu alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini, mikononi mwa Emilia mwenyewe. "Mbona unachora kila kitu?"

"Nitazijuaje herufi nisipozichora zote?"

"Lakini mimi hukunifundisha hivyo." Mzee alisema polepole, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kimakonde. "Wewe uliniandikia DADI ubaoni. Nikalijua umbo lake, kama ninavyomjua mbuzi wangu kati ya mbuzi wa watu. Herufi moja moja zilikuja baadaye. Sasa wewe mbona unaanzia mkiani?"

Emilia aliguna, akaicheka nafsi yake. Alifungua ukurasa mpya. Akaacha kuhangaika na herufi moja moja, akalishika kila neno kwa umbo la mwanzo wake tu. Neno lililoanza na vijiti viwili vilivyosimama: roboti linatembea. Neno lililoanza na vijiti viwili vilivyolala: roboti linapiga. Na lile lililoanza na ndoana ya kuvulia samaki lilionekana kwa roboti moja pekee, dogo, jeupe, lisilo na silaha ya maana, ambalo kila mchezaji alilitanguliza mbele ili life upesi wamalizane nalo.

Alilisogeza dogo lile karibu na kubwa lililojeruhiwa. Akabonyeza ndoana. Mstari wa uhai wa lile kubwa ukajaa upya.

"Ni mganga!" mzee Dadi alipiga paja. "Siku zote mlikuwa mnamtuma mganga vitani!"

Alasiri hiyo hiyo ramani ya kwanza ilivukwa. Jumatano akavuka tatu, Alhamisi tano. Hapo likajitokeza tatizo jingine: mashine ile haikuwa na kumbukumbu tena. Ukiizima, ushindi wako wote unapotea na unaanza upya. Umeme wa mjini nao ulikuwa wa kuja na kuondoka, hivyo banda lilitegemea jenereta ya Gasper, na tangi lake likijaa lilidumu kama saa saba. Ramani zote tisa lazima ziishe ndani ya tangi moja.

"Dada, achana nayo," Gasper alimsihi Ijumaa. "Umeshaonyesha. Watu wameona."

"Sikuja kuonyesha. Nimekuja kumaliza. Kesho jaza tangi mpaka shingoni."

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa ameketi. Ramani nne za mwanzo alizipita kwa kasi, kwani alizijua kama njia ya kisimani. Ya tano na ya sita zilimtoa jasho. Wale walionung'unika sasa walinyamazishana. Ya saba alipoteza maroboti mawili, ya nane akapoteza mengine matatu. Alipofika ya tisa alibakiwa na mganga wake na roboti moja la kijani, zee, zito, la kwenda kiraka kimoja kimoja. Mbele yao lilisimama adui mweusi aliyejaza nusu ya kioo.

Danieli alifika saa tisa mchana na pikapu yake, deki ikiwa kwenye kiti cha mbele. Alipenya katikati ya watu.

"Gasper, nimekuja kuchukua mashine yangu."

"Ngoja kidogo."

"Nangoja nini? Nina safari ya kushuka mlima."

Danieli alitupa jicho kwenye kioo, akaona roboti la kijani limejibanza ndani ya msitu, linapigwa, linatibiwa, linapiga. Linapigwa, linatibiwa, linapiga. Adui alikuwa anapungua uhai kidogo sana, kama mtu anayetafuna mti kwa meno. Danieli alisahau kuuliza tena.

Ghafla jenereta ilikohoa. Picha ikatetemeka.

"Mafuta!" Gasper alipaza sauti. "Sina akiba!"

Emilia hakuondoa macho. "Mtafute mwenye mafuta."

Danieli ndiye aliyekimbia. Alichomeka mpira kwenye tangi la pikapu yake mwenyewe, akavuta kwa mdomo, akatema, akarudi na galoni.

"Izime kwanza," alisema akihema, "mafuta hayamiminwi mashine ikinguruma."

"Ukiizima umeniua," Emilia alijibu. "Mimina taratibu. Wote mnaovuta sigara, nje."

Walitoka hata baadhi ya wasiovuta. Gasper alishika faneli kwa mikono miwili, Danieli akamimina uzi mwembamba kama wa kumtilia mtoto dawa. Jenereta ilikohoa mara mbili zaidi, kisha ikashika sauti yake.

Zamu kumi na nne baadaye Emilia aliiacha tiba, akabonyeza vijiti vilivyolala mara ya mwisho. Adui mweusi alipasuka kutoka kichwani hadi miguuni, na kioo kikawa cheupe. Banda zima lililipuka kwa vigelegele, hadi waliokuwa nje wakarudi kwa kusukumana. Emilia hakusimama. Aliyatazama majina ya Wajapani yakipanda juu, mistari na mistari, na ndani yake akajisikia mwepesi kama siku ile alipopata cheti cha ualimu.

Danieli alijifuta mafuta mdomoni. "Mama Josephina," alimwambia Emilia kwa heshima aliyokuwa hana alipoingia, "mashine naichukua, tulikubaliana. Lakini bila daftari lako huko Masasi itakuwa boksi tu. Niuzie."

"Daftari siuzi."

"Basi niazime."

"Halitakusaidia. Mwandiko nimeuandika kwa haraka, mwingine naujua mimi peke yangu." Alifunga kalamu, akasimama, magoti yakalia. "Una nafasi kwenye gari?"

"Ipo."

"Gasper, mwambie binti yangu Josephina akaangalie kuku. Nitakaa Masasi wiki mbili."

Gasper alianza kuichomoa mashine. Alimjua dada yake.

Walishuka mlima kabla jua halijazama, mashine mapajani mwa Emilia. Jumatatu jioni, ndani ya chumba kimoja cha Masasi, wanaume na wanawake wapatao kumi na watano walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, wengine wakitabasamu kwa dhihaka. Emilia alibandika ukutani karatasi kubwa ya maneno ya daftari lake, aliyoiandika upya kwa wino mweusi.

"Habari za jioni," alisema. "Hapa hakuna mjinga. Nani anaanza?"