Jicho la Upande wa Kushoto

“USIIBANDUE! Iskani pamoja na kioo chake.”

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mama Skani aliusoma akiwa amesimama, picha mkono huu, kioo mkono ule, na uso wa mwanamke kwenye picha ukiwa na tundu.

Alikuwa ameibandua dakika nne zilizopita.

Aliuliza, ndiyo. Alituma swali kwenye kundi la mafundi wenzake simuni: picha ya zamani, imegandia kwenye kioo cha fremu, niitoeje? Lakini aliuliza kama mtu anayebisha hodi huku ameshafika sebuleni. Kabla hajajibiwa alishaingiza ncha ya kisu cha karatasi pembeni na kuvuta polepole. Gauni likatoka vizuri. Shingo, kidevu, mdomo, vyote vikatoka. Unaona, akajisemea. Kisha ikasikika sauti ndogo kama ganda la kitunguu likichanika, na jicho la kushoto, nusu ya paji na kipande cha shavu vikabaki kwenye kioo.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alichukua wembe.

Alidhani angekibandua kile kipande kizimakizima, akirudishe mahali pake kama kigae kilichong’oka. Kilipukutika. Sasa mezani, juu ya karatasi nyeupe, kulikuwa na magamba ya kahawia madogo kuliko kucha ya mtoto mchanga, na vumbi.

“Nimeshaibandua,” aliandika.

“Hahaha! Mama Skani leo kaungua na pasi yake mwenyewe!” Huyo alikuwa Bwana Pikseli, ambaye hakosi msiba wala harusi ya mtu.

Kundi lilikuwa na watu mia mbili na kitu, mafundi wa picha na michoro waliotawanyika miji mbalimbali. Walijuana kwa majina ya utani na kwa makosa yao. Mtu akikwama na tabaka la picha linalokataa kufunguka kwenye kompyuta, au bango lililo jekundu kwenye kompyuta na kutoka rangi ya kutu kwenye printa, hutupa swali, na kabla chai haijapoa atapata majibu matano, mawili yakiwa ya kejeli. Juu kabisa ya kundi kulibandikwa sheria moja: Uliza kwanza, gusa baadaye. Aliyeiandika ni Mama Skani. Ndiye pia aliyekuwa akiwapigia nayo wageni kichwani kila wiki.

Akapiga picha ya kile kilichokuwa mezani, akaituma. Vicheko vikakatika.

“Pole, dada yangu,” akaandika Dada Kivuli baada ya muda. Huyu alifundisha kozi ya picha kwenye chuo fulani na hakuwa na maneno mengi. “Kioo kiko wapi? Geuza kioo chenyewe ukiskani. Kipande kikiwa bado kimeganda utakipata.”

“Nimekikwangua.”

Mama Skani akavuta stuli, akakaa.

Picha ilikuwa mali ya mkunga mstaafu, yule aliyezalisha nusu ya mtaa, mtoto wa mwisho wa Mama Skani akiwemo. Mama mzazi wa mkunga huyo alifariki mkunga akiwa na mwaka mmoja na nusu. Hakumbuki sauti yake, hakumbuki harufu yake. Alichonacho ni picha yake hiyo moja, ukubwa wa kiganja, na hakuwahi kuruhusu itolewe ndani ya fremu, hata ipigwe tu na simu. Sasa macho ya mkunga yalikuwa yanafifia. Jumatatu angelazwa afanyiwe upasuaji, na daktari alikuwa amemwambia kwa upole ule wa kutisha kwamba huenda ikasaidia, huenda isisaidie. Kabla ya hapo alitaka picha ikuzwe, iwe kubwa kama mlango wa kabati, amwone mama yake vizuri hata mara moja.

“Njoo kesho saa nane, mama,” Mama Skani alikuwa amemwambia jana alipoipokea. “Kazi ndogo hii.”

Kazi ndogo. Alijiuma mdomo.

Akaiskani picha ilivyokuwa, na tundu lake, akaituma. Kisha akakazana na kazi. Madoa aliyaondoa. Mikunjo akaifuta. Alichukua ngozi ya shavu lililosalia, akaipanda upande uliochubuka, kidogo kidogo, kama mtu anayeziba ukuta kwa udongo wa ukuta uleule. Kufika saa tano paji lilikuwa limerudi. Palipokuwa na jicho palibaki peupe.

Bwana Pikseli alikuwa amenyamaza muda wote huo, na akinyamaza ujue anafanya kazi. Saa sita kasoro akatuma faili. “Kazi imekwisha. Nimechukua jicho la kulia, nimeligeuza, nimelipanda kushoto. Nimehamisha na mng’aro wa taa ndani ya mboni ili usiangukie upande usio wake. Nitumie soda.”

Mama Skani alifungua. Mwanamke alimtazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta, mzima, macho mawili, kijana, mzuri kuliko hata alivyokuwa asubuhi. Mshono haukuonekana. Alikuza, akakuza tena, hadi ngozi ikawa vigae vya rangi tupu, na bado mshono hakuuona.

“Una mkono, shetani wewe,” akaandika.

“Nimezaliwa nao.”

“Mzuri sana,” akaandika Dada Kivuli. “Ila jitazameni kwenye kioo, nyote wawili. Nani kati yenu ana macho pacha?”

Mama Skani akainuka, akaenda kwenye kioo ambacho wateja huchania nywele kabla ya kupigwa picha za vitambulisho. Jicho lake la kulia lilikuwa pana. La kushoto lilikaa chini kidogo, likiwa na mkunjo mmoja zaidi. Miaka arobaini na minne amenawa uso huo kila siku.

“Sasa,” Dada Kivuli akaendelea, “lile la kushoto la huyo mama lilikuwaje?”

Asubuhi Mama Skani alikuwa ameishika picha hiyo robo saa nzima. Angeweza kueleza kila doa, kila ukungu, hata mahali mdudu alipotafuna kona. Mwanamke mwenyewe hakumtazama. Aliona kazi.

“Sijui,” akaandika.

“Mteja ni nani wake?”

“Mwanawe. Haoni vizuri, Jumatatu anapasuliwa macho.”

“Basi mpige picha jicho la kushoto. Uzuri wa damu hauendi mbali. Mimi nimefanya hivyo mara mbili.”

“Mteja ana miaka sitini! Huyu kwenye picha ana ishirini na mbili.”

“Makunyanzi tunayatoa kila siku, Mama Skani. Umbo halizeeki.”

“Msimpotoshe mwenzenu,” Bwana Pikseli akaingilia. “Ukimpiga picha jicho itabidi umwambie kwa nini. Umesema mwenyewe haoni vizuri. Mpe hii, afurahi, aende hospitali na moyo mweupe. Kumwambia ni kumwongezea ugonjwa.”

Watu wakaanza kuvutana. Wengine walitetea ukweli, wengine walitetea huruma, mmoja akauliza kama kuna mtu anajua kwa nini printa yake inatoa mistari. Mama Skani akaigeuza simu kifudifudi. Akatazama kile kilichokuwa kwenye karatasi nyeupe, akakunja kona, akamimina magamba yote kwenye bahasha na kuifunga. Kisha akaiandaa picha aliyoitengeneza Bwana Pikseli kwa ajili ya kuichapa. Hakuichapa. Aliiacha kwenye kioo cha kompyuta ikisubiri.

Saa nane kasoro dakika tano mkunga aliingia, akipapasa kizingiti kwa ncha ya kiatu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Huyo mtoto wangu mwenye kichwa kikubwa hajambo?”

“Hajambo. Kichwa bado.”

“Nilikuambia kitamkaa tu.” Akacheka, akavuta stuli hadi mezani bila kukaribishwa. Alikuwa amevaa gauni la kutokea na viatu vya kufunga, kama mtu anayeenda kumpokea mgeni. “Haya. Nionyeshe.”

Mama Skani akageuza kompyuta. Aliyaacha maneno yote aliyokuwa ameyapanga tangu saa saba, ya ukweli na ya uongo. Akasema tu, “Huyu hapa.”

Mkunga akasogea. Akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Akavua miwani, akaifuta kwa ukosi wa gauni, akaivaa. Akafumba jicho moja, akafumba la pili. Akarudi nyuma, akatazama kutoka mbali.

“Mzuri,” akasema.

Mama Skani akapumua.

“Mzuri sana.” Sauti ya mkunga ilikuwa imeshuka. Alitafuta ukingo wa meza kwa mkono, akaushika. “Basi macho yangu yamekwisha kabisa, mwanangu. Nilidhani bado yana siku mbili tatu. Namtazama mama yangu na namwona mtu mwingine.”

Nje mtu alikuwa akipiga honi bila sababu. Mama Skani alitazama ule mkono mezani, mkono uliomtoa mwanawe miguu kwanza asubuhi moja ya mvua, ulivyokuwa ukipapasa ukingo wa mbao kutafuta kitu cha kushikilia.

“Si macho yako, mama,” akasema.

“Nini?”

“Macho yako yako sawa. Namaanisha hayako sawa, lakini hapo yamekuambia kweli. Ni mimi. Nimeiharibu picha. Niliivuta kwenye kioo, jicho la kushoto likabaki, nikalikwangua likaisha. Hilo unaloliona ni jicho la kulia limegeuzwa.”

Alisema yote kwa mkupuo, akasukuma bahasha mezani. Mkunga akaifungua. Aliingiza kidole, akakitoa na gamba moja juu yake, akaliinua kwenye mwanga ambao hakuweza kuuona vizuri.

“Hiki ni nini?”

“Sijui. Labda shavu. Labda jicho lenyewe.”

Mkunga akalirudisha. Akaifunga bahasha kwa uangalifu, akaikunja mdomo mara mbili.

“Miaka hamsini na minane,” akasema. “Nimeilinda na panya, nimeilinda na mvua, nimeilinda na wake za kaka zangu. Wewe umekaa nayo asubuhi moja.”

“Ndiyo, mama.”

“Na hii ndiyo ulitaka kunipa?”

Angeweza kusema hapana. Faili lilikuwa halijachapwa. Angeweza kusema alikuwa akimsubiri amweleze.

“Ndiyo.”

“Ningeingia hospitali nikijua nimeshakuwa kipofu. Ningemwambia daktari asijisumbue.”

“Ndiyo.”

“Acha kuniitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa shule!”

Mkunga akainuka. Akachukua fremu tupu, picha yenye tundu na bahasha, akavitia vyote kwenye mkoba, akatembea hadi mlangoni. Hapo akasimama, ncha ya kiatu ikitafuta kizingiti. Mama Skani alitaka kwenda kumshika mkono. Miguu ikamwambia usithubutu.

“Nani kakuambia ulichukue hili la kulia?” mkunga akauliza bila kugeuka.

“Wenzangu wa kazi. Tunasaidiana. Mmoja alifanya hilo. Mwingine alikataa, akasema nikupige picha wewe, jicho lako la kushoto, tulipande pale. Anasema mtoto hubeba umbo. Lakini ilibidi nikuambie kwanza, nami nikaogopa.”

“Kwa hiyo mtu nisiyemjua alikuwa na akili kuliko wewe.”

“Wako mia mbili, mama. Leo wote wana akili kuliko mimi.”

Mkunga hakucheka. Alibaki pale, mgongo kwake, mkoba kifuani. Mpita njia akamsalimu, akaitikia kwa jina la mtoto wa mpita njia huyo aliyezaliwa mikononi mwake, kwa kuisikia sauti tu. Kisha akageuka, akarudi kwenye stuli, akakaa kwa uzito.

“Kope la mama yangu lilikuwa limelala,” akasema. “La kushoto. Kidogo tu, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Shangazi zangu walikuwa wakinitania kwamba alikufa akaniachia usingizi wake.” Akavua miwani, akaiweka mapajani. “Nalo limenilalia hivyohivyo tangu utotoni. Tazama.”

Mama Skani akatazama. Safari hii alitazama kweli. Kope lilikuwa chini, likifunika ukingo wa juu wa mboni, na mboni yenyewe imeingiwa ukungu wa kijivu kama maji ya kuoshea mchele.

“Sijasema nimekusamehe,” mkunga akasema.

“Najua.”

“Na ukimaliza utanionyesha kwa kidole, wapi ni yeye na wapi ni mimi. Sitaki kuchanganya.”

“Nitakuonyesha.”

Akawasha taa ya pembeni, akaisogeza ikae upande uleule ambao taa ya mpiga picha wa zamani ilikaa. Akamwinua mkunga kidevu kwa vidole viwili. Akasogeza kamera karibu mpaka jicho likajaa lote, mishipa yake, kope zake chache zenye mvi, na ndani ya ule ukungu taswira ya mlango wa duka, mdogo, mweupe, na mtu anapita.

“Usipepese, mama.”

“Sipepesi. Ni chozi. Lisubiri lishuke.”

Mama Skani akangoja, kidole juu ya kitufe. Chozi likapanda ukingoni, likasimama pale likitetemeka, halikuanguka.