Kona ya Juu ya Kioo

Amri na wenzake walitoka Dar kuja kupiga filamu kuhusu miaka ile TV zilipokuwa ngeni Tukuyu. Alisikia kwetu Bulyaga kuna TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mrefu, akaja kuiazima.

"Chukua," nikamwambia. "Imekufa zamani. Inajaza sebule tu."

"Ila mama, tutatoa vya ndani vyote, tupachike tableti mahali pa kioo. Usiwe na wasiwasi, itawaka."

Mama mkwe wangu, Atupakisye, alikuwa pale pale anamenya ndizi. Katika maneno yote hayo alishika moja: itawaka.

TV ile aliinunua mume wangu, Gwakisa. Kwaya yao ya kanisani ilipoonyeshwa humo, naye akiimba, majirani walijaa sebuleni hadi dirishani. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Nilipotoka na sinia, wimbo umekwisha. Haukurudiwa. Baadaye Gwakisa akafa, kisha TV nayo ikafa, na mama akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe. Kila akimaliza sala hukiinua, hutazama kioo cheusi, hukirudisha. Sikuwahi kumuuliza.

Siku ya kupiga filamu alivaa gauni la kanisani, akabeba hotpoti ya mbalaga, zile ndizi zetu za kupika.

"Mama, tunakwenda kutazama tu. Chakula cha nini?"

"Wanakwaya hawaimbi na njaa."

Nilidhani ananitania.

Kwenye nyumba waliyokodi Msasani, ile ya hapa hapa Tukuyu, TV yetu ilikuwa juu ya kabati, inawaka. Mama alikuwa amemsimulia Amri habari za kwaya, na yeye, kumfurahisha, akatafuta kwaya yoyote mtandaoni akaiweka. Mashati meupe, mistari mitatu. Mama alipita katikati ya waigizaji wakiwa kazini, akainama, akatazama uso mmoja baada ya mwingine.

"Gwakisa husimama nyuma," akasema. "Mrefu. Hayupo."

Amri akanitazama mimi.

"Mama," nikasema, "Gwakisa amekufa."

"Najua amekufa, si nilimzika? Namuuliza huyu kijana yule aliyekuwa anaimba humu ndani kamweka wapi."

Amri alikwenda uani, akarudi na boksi: nyaya, vumbi, na kioo chenyewe na mkia wake mrefu nyuma. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Bibi, vya ndani ni hivi. Hakuna kingine."

"Ndaga, mwanangu," akamshukuru, akamkabidhi hotpoti. "Kuleni. Chakula hakirudi nyumbani."

Nilibeba boksi mimi. Lilikuwa zito, na mvua ikatunyeshea njia nzima. Nyumbani alikausha kioo kwa upindo wa kitenge chake, akakilaza mezani juu ya kitambaa.

"Hakitawaka, mama," nikamwambia.

"Najua. Leo nimeona."

Amri aliporudisha fremu tupu ya TV nilimwambia abaki nayo. Kioo hakikuondoka mezani. Tukawa tunakula pembeni yake, sahani zimebanana.

Jioni moja nikamuuliza mama alichokiona siku ile nilipokuwa jikoni.

Akanitazama kwanza. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya juu ya kioo, upande wa kushoto.

"Hapa," akasema. "Alikuwa amefumba macho."

Nikaweka changu pembeni ya chake. Kioo kilikuwa baridi.