Shilingi za Wapi

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme mbele ya kibanda cha Modesta, pale Turwa mjini Tarime, na alilisoma akiwa bado ana pini mdomoni. Nyamhanga na litungu lake. Jumapili mchana, kwenye uwanja uliozungushiwa mabati nyuma ya vibanda vya mafundi. Kiingilio 1,500/=. Modesta alizitoa pini, akazichoma kwenye gauni alilokuwa anashona, akampigia mama yake aliyekuwa kijijini Ringwani.

"Elfu moja na mia tano tu, mama. Njoo."

Efrazia akauliza, "Atamtaja?"

"Ukimtunza atamtaja. Lini alikataa?"

Aliyetakiwa kutajwa alikuwa Revocatus, kaka yake Modesta, dereva wa lori la mahindi, ambaye lori lake lilipinduka na kumlalia mwaka juzi wakati wa mvua. Siku ya harusi ya Modesta, Nyamhanga alipofika pale kwenye wimbo ambapo nyuzi zote za litungu hunyamaza ukabaki mmoja, Revocatus alimwendea akicheza, akambandika noti kwenye paji la uso, jasho likaishika, akamnong'oneza jina. Nyamhanga akaimba: Revocatus mwana wa Efrazia, mkono wake haujui kufumba. Akalirudia mara ya pili kwa kupenda kwake tu. Efrazia alicheza siku hiyo mpaka kiatu kimoja kikapotea.

Enzi hizo hakukuwa na mlango wa kulipia. Ulikuwa unasogea, unatunza, unatajwa. Baadaye wakaanza kutoza mia tano, ikawa elfu mbili, na watu wakalipa huku wakinung'unika, kwa sababu Nyamhanga alikuwa wao.

Wimbo huo sasa umo kwenye kila simu. Lakini huo wa kwenye simu ulirekodiwa ng'ambo ya mpaka, na pale nyuzi zinaponyamaza anatajwa tajiri wa saruji aliyelipia studio. Efrazia aliwahi kuusikia ukipigwa kwenye pikipiki aliyopanda, akamwomba dereva auzime, na dereva alipouliza kwa nini, akasema kichwa kinamuuma. Siku ya harusi hakuna aliyerekodi. Jina la mwanawe lilikuwa limebaki kwenye kinywa cha mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa anakuja Tarime.

Efrazia alifika Jumamosi, amesuka nywele, amebeba kitenge chake kizuri kwenye mfuko. Jumapili kabla ya kutoka alichukua noti ya elfu tano, mpya, ambayo hata mkunjo haikuwa nao, akaifunga fundo kwenye pindo la kitenge.

"Hii ni ya Revo," alisema. "Viingilio utalipa wewe, maana wewe ndiye umeniita mjini."

"Nitalipa, tajiri wangu," Modesta akacheka.

Mlangoni palikuwa na kijana mrefu aliyevaa fulana nyeusi, na pembeni yake jenereta lilikuwa linanguruma. Modesta alimpa noti tatu za elfu moja. Kijana akazitazama kama mtu aliyepewa majani.

"Hii ni nini, dada?"

"Watu wawili."

"Wawili wapi? Kiingilio ni ngiri moja na mia tano. Za kwetu." Akaona bado hajaelewa. "Za Kenya, dada. Za hapa kwenu ni elfu thelathini. Kila mtu." Kisha akamgeukia Efrazia. "Shikamoo, mama. Pole."

"Marahaba," alisema Efrazia, akamtazama binti yake.

Modesta alihisi uso unawaka. Tarime hii, mtu hanunui hata sabuni iliyovuka mpaka wa Sirari kabla hajauliza: shilingi za wapi? Yeye mwenyewe huliuliza swali hilo kila wiki anaponunua zipu na nyuzi. Mtoto wa darasa la pili analijua. Lakini aliposoma jina la Nyamhanga kwenye ile nguzo hakuuliza, kwa sababu haikumjia kabisa kwamba Nyamhanga wa Ringwani anaweza kuwa na bei ya ng'ambo.

"Twende nyumbani," alisema Efrazia. "Nimeuona mlango. Inatosha."

"Kaa hapa, mama. Nimesahau pochi kibandani."

Hakuwa amesahau pochi. Alikwenda moja kwa moja kibandani kwake, akachomoa pasi ya umeme, ile nzito aliyoinunua kwa kushona gauni moja baada ya jingine, akaenda nayo kibanda cha tatu kwa Nyangwine, fundi mwenzake ambaye kwa muda mrefu alikuwa anaitolea macho.

"Thelathini," alisema Modesta. "Sasa hivi."

Nyangwine aliipindua, akaigusa kitako. "Juzi nilikupa arobaini ukanitukana."

"Leo sikutukani."

"Unauza pasi kwa ajili ya ngoma? Kesho suruali za watu utazinyoosha kwa kuzikalia?"

"Makalio ninayo. Lete hela."

Nyangwine alicheka, akafungua droo. Lakini alipokuwa anahesabu aliacha kucheka, maana alikuwa ameona sura ya Modesta. "Msalimie mama," alisema.

Modesta alirudi mbio. Akamlipa yule kijana, akamsukuma mama yake getini kabla hajapata nafasi ya kubisha. "Pochi ilikuwa na ya mmoja tu. Mimi wimbo naujua. Nenda mbele kabisa, umtunze, umwambie jina lote."

Efrazia alishika pindo lake, akaingia.

Nje ya mabati palikuwa pamejaa watu walioishiwa. Baba mmoja aitwaye Tomaso alikuwa amekaa juu ya tofali, ameegemeza mgongo kwenye bati, anasikiliza kwa shida.

"Nyuzi za kwanza za litungu lile nilinunua mimi," alimwambia Modesta bila kuulizwa. "Alikuwa anapiga kwa nyuzi za kamba ya neti. Leo ametoka kwenye gari, nikampungia. Na yeye akanipungia."

"Hakukuita?"

"Aliniita kwa mkono. Nikafika pale, huyu kijana akaniuliza tiketi." Tomaso alicheka kidogo. "Simlaumu Nyamhanga. Amenunuliwa na watu wa bei, basi na yeye ana bei. Mahindi yetu yanayovuka mpaka nayo si hivyohivyo?"

Wimbo ulianza. Jenereta liliumeza nusu. Modesta aliweka sikio kwenye bati, bati likamchoma kwa jua, akalitoa, akaliweka tena. Alisikia miguu ya wachezaji, kisha litungu. Zilipofika zile nyuzi za kunyamaza alizuia pumzi. Sauti ya Nyamhanga ilipanda, ikataja mtu, kisha mwingine, kisha mwingine. Lakini jenereta lilikuwa palepale, likinguruma kama ng'ombe aliyezuiwa mlangoni, na hakuna jina hata moja lililovuka bati likiwa zima.

"Wametajwa kina nani?" alimuuliza Tomaso.

"Mimi sikio hili lilikufa zamani, mwanangu."

Efrazia alitoka kabla watu wengine hawajatoka. Alikuwa anatembea wima, anatabasamu, na tabasamu hilo Modesta aliwahi kuliona kwenye msiba wa Revocatus, mama yake alipokuwa anawapokea wageni na kuwauliza kama wamekula.

"Amemtaja," alisema.

"Kweli, mama?"

"Jina lote. Watu wakapiga vigelegele."

Modesta alimshika mkono, wakaanza kushuka kuelekea nyumbani. Alikuwa anaumba maneno ya kumshukuru Mungu. Upepo ukainua kitenge, pindo likampiga gotini, na kilichompiga kilikuwa kigumu, kama punje ya mahindi. Akatazama chini. Fundo lilikuwa palepale, limekazwa vilevile lilivyokazwa asubuhi.

Waliupita msingi wa nyumba ambayo haijaisha, wakawapita wanawake wanaopalilia viazi pembeni ya mji. Jua lilikuwa bado kali na jasho lilikuwa linamtiririka mama yake kwenye nyusi. Modesta alisimama.

"Alimtajaje, mama? Mimi jenereta lilinizuia."

Efrazia naye alisimama. Akatazama nyuma, kisha mbele, kisha akatazama viatu vyake. Halafu alifumba macho, akaimba, kwa sauti ndogo iliyokwaruza, sauti ambayo haikuwa imeimba hata kanisani tangu lori lilipopinduka: Revocatus mwana wa Efrazia, mkono wake haujui kufumba. Akavuta pumzi. Akalirudia mara ya pili.

Mmoja wa wale wapaliliaji aliinua uso, akaegemea jembe.

Modesta aliinama, akalishika pindo la kitenge, akalifungua fundo. Lilikuwa limekazwa sana. Akaikunjua noti, akaibandika kwenye paji la uso la mama yake. Jasho likaishika.

Efrazia hakuitoa. Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa.

"Kulikuwa na kamba," alisema. "Mbele waliweka viti vya wenye tiketi kubwa, sisi wakatuzungushia kamba huku nyuma kama ndama. Niliita. Nilimwita Nyamhanga kwa jina la mama yake."

"Hakusikia?"

"Aligeuka. Nafikiri aligeuka."

Noti ilining'inia kona moja. Modesta aliirudisha kwa kidole gumba, akaibana pale, na mkono wake akauacha palepale kwenye paji la mama yake.