Kikombe cha Maua Mekundu

...na hiki kimetoka wapi, anajiuliza Daktari Nyamweya, maana vikombe vya mama yake anavijua tangu utotoni, vya bati, vya buluu, rangi imebanduka mdomoni, na kile anachonywea kaka yake Thadeus ndicho alichonywea hata marehemu baba yao, lakini hiki ni cha kauri, kipya, kina maua mekundu, mama amekitoa kabatini peke yake akasema, "Baba, hiki ni chako, hakuna mwingine atakayekinywea"... kizuri, ndiyo, chai ya Sabato imejaa pomoni, Thadeus anasimulia majani yake ya chai yaliyokataliwa huko Nyamira, daktari anaitikia eeh, eeh, lakini akili imeshafika soko la Mosocho, mwezi uliopita, yule mtu aliyeanguka kifafa kati ya mikungu ya ndizi, watu wakarudi nyuma, maana povu likikugusa nawe utaanguka, ndivyo wanavyoamini, naye akapiga magoti, akamlaza ubavu, akampangusa povu kwa leso yake mwenyewe, akaitia mfukoni, akadhani amewafundisha kitu... kumbe macho yote yalikuwa kwenye leso. Kwamboka, binti wa Thadeus, anasogea kuonja chai ya baba mdogo kama alivyozoea, mama yake anamvuta mkono taratibu, Thadeus anaendelea na majani yake... basi ni hivyo, na Gesare naye alimwambia, Gesare wa Marani, mwenye kovu la moto mkononi, mtu wa kwanza katika utafiti wake wa kifafa, miaka miwili anameza vidonge hajaanguka hata mara moja, alimwambia pale kliniki kwamba nyumbani bado anawekewa kopo lake kando, na yeye, msomi wa ng'ambo, fundi wa magonjwa ya akili, akasikia kopo tu, kopo lenye kutu, akashuka mjini dukani kwa Haresh akamnunulia kikombe, kizuri, cha kauri, Gesare akakipokea kwa mikono miwili, akatazama chini, naye daktari akaondoka anapiga mluzi, mjinga we, mjinga mkubwa... ameuliza mamia ya watu Kisii nzima na Nyamira, umeanguka mara ngapi, motoni au mtoni, hajamuuliza hata mmoja unanywea nini, unakula na nani. Na mama hamchukii, afadhali angemchukia, angepata wa kugombana naye, lakini mama amekwenda mjini kwa miguu yake mibovu kumchagulia maua, anampenda, na anamwogopa, na katika nyumba hii iliyojaa watu wake daktari yuko peke yake kabisa.

"Mbona hunywi, baba? Chai inapoa."

Anakiinua kwa mikono miwili, anatazama chini, anajisikia akisema asante mama, kizuri sana, sauti ileile ya Gesare, na Thadeus bado yuko kwenye majani yake ya chai...